Joto Lipo, Njia ya Mvuke Inaziba

Kutoka mtaa wa Free Area, Nakuru, hadi kreta ya Menengai si mbali, na chini ya kreta ile joto halina upungufu. GDC, shirika la serikali la kuendeleza nishati ya mvuke wa ardhini, lilianza kuchimba visima huko mwaka wa 2011, na baadhi vikagonga mwamba ulioyeyuka kwenye kina cha takriban kilomita mbili. Hata hivyo, visima kadhaa vilitoa mvuke haba. Joto pekee halizalishi umeme. Mwamba unahitaji nyufa za kupitisha maji na mvuke. Karibu na mwamba ulioyeyuka, mawe hulainika na nyufa hazidumu wazi.

Hata kisima chenye nguvu hufifia. Mvuke unapotolewa, shinikizo la chini ya ardhi hushuka na maji huchemkia ndani ya nyufa zenyewe. Madini yaliyokuwa yameyeyuka katika maji hayo huganda, kama ukoko mweupe wa birika, na njia huzidi kuwa nyembamba. Olkaria, karibu na Naivasha, imeyaona haya. Mtambo wake wa kwanza ulianza kazi mwaka wa 1981 na kufikia megawati 45 mwaka wa 1985. Baadaye visima vya zamani vilipungua nguvu, ikabidi vichimbwe vingine vya kuziba pengo.

Migodi ya makaa ya mawe ya Pennsylvania, Marekani, inaonyesha upande wa pili. Makaa yakiondolewa, paa la mgodi huporomoka, tabaka za juu hupasuka, na mabomba ya visima vya gesi vinavyopita hapo huweza kupinda au kukatika. Kule nyufa hufunguka pasipotakiwa. Kwetu huziba panapohitajika. Chanzo ni kimoja: ukitoa kitu chini, mwamba hubadilika.

Ndiyo maana ni kosa kuuita mvuke wa Bonde la Ufa mali isiyokwisha. Kinachodumu ni joto, si njia zake. Maji yaliyotumika yarudishwe ardhini, lakini kwa uangalifu: yakiingia baridi karibu na visima vya uzalishaji, huvipoza. Visima visirundikwe mahali pamoja. Na kabla ya megawati mpya kutangazwa Menengai, vipimo vya shinikizo vya kila mwaka viwekwe wazi, maana wananchi wa Nakuru wana haki ya kujua hazina iliyo chini ya miguu yao inatumiwa kwa kasi gani.