Faru Fausta aliishi miaka 57 kreta ya Ngorongoro. Haya ndiyo yaliyobadilika akiwa hai

Faru Fausta alipokufa usiku wa Desemba 27, 2019, Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro ilitangaza kwamba alikuwa na miaka 57 na kwamba anaaminika kuwa faru mweusi aliyeishi muda mrefu kuliko wote duniani.

Miaka yake ya mwisho hakuimalizia porini. Kuanzia 2016 afya yake ilikuwa imeshuka, macho hayaoni, na fisi walikuwa wamemjeruhi vibaya. Ikabidi awekwe kwenye boma maalumu, akawa anapelekewa chakula na kulindwa humo hadi mwisho.

Faru kuishi ndani ya uzio, tena ndani ya kreta ambayo sifa yake kubwa ni kutokuwa na uzio! Wengi walishangaa. Lakini ukifuatilia historia ya wanyama wa kreta ile, utaona kwamba mkono wa binadamu haujawahi kutoka mle ndani.

Magari ya watalii hutoka Karatu alfajiri, hupita lango la Loduare, hupanda msituni kwenye ukungu, kisha hushuka kreta. Ni shimo la kilomita za mraba 260 hivi, kuta zake zikiwa na urefu wa mita 600 kwenda juu. Ndani yake kuna wanyama wakubwa wanaokadiriwa kufikia 25,000. Mgeni akitazama nyumbu, pundamilia, simba na tembo katika sehemu moja, anaamini mahali hapa hapajaguswa tangu dunia iumbwe.

Si kweli. Orodha ya wanyama waliomo leo siyo ile ya mwaka aliozaliwa Fausta. Na mara nyingi, mabadiliko yameanzia kwenye jambo lililofanywa na watu.

Mwaka wa nzi

Fausta anakadiriwa kuzaliwa mwaka 1962. Mwaka huohuo simba wa kreta nusura waishe.

Mvua zilikuwa kubwa kupita kawaida. Baada yake wakaja nzi wanaouma, wale wa jamii inayosumbua ng'ombe mazizini, lakini kwa wingi ambao haukuwahi kuonekana. Waliwanyonya simba damu mpaka ngozi zikawa vidonda vitupu. Baadhi ya simba walipanda miti, wengine wakajificha kwenye mashimo ya fisi. Hawakuwa na nguvu za kuwinda.

Kabla ya hapo kreta ilikuwa na simba 60 hadi 75. Waliobaki walikuwa majike tisa na dume mmoja. Miaka michache baadaye madume saba yakaingia kutoka nje. Watafiti waliofuatilia koo za simba hao waligundua kwamba simba wote waliokuwemo kreta miongo mitatu baadaye walitokana na mababu 15 tu.

Idadi ilirudi, tena haraka. Kufikia katikati ya miaka ya 1970 walikuwa wamepita ile ya mwanzo. Tatizo likawa ni damu ileile kuzaana yenyewe kwa yenyewe, na hilo huwaacha wanyama dhaifu magonjwa yanapoingia. Na magonjwa yaliingia. Mwaka 2001, baada ya ukame mkali, kirusi cha homa ya mbwa kikichanganyika na vimelea vinavyoenezwa na kupe kiliua simba wengi wa kreta.

Kwa nini madume mapya hayaingii kwa wingi? Ukuta wa kreta haumzuii simba, anaweza kuupanda. Kinachomzuia zaidi ni safari ya kufika hapo. Kati ya Serengeti na kreta wanaishi watu na mifugo yao, na simba anayekula ng'ombe huuawa. Tangu 2011 mradi wa KopeLion umekuwa ukiwaajiri vijana wa Kimasai na Kidatoga kulinda mifugo na simba kwa pamoja: wanatafuta ng'ombe waliopotea, wanarekebisha maboma, wanawaonya wachungaji simba akiwa karibu. Baadhi yao wanatoka kwenye jamii ambazo zamani kijana alipata heshima kwa kuua simba.

Ng'ombe walipoondolewa, nyati wakaja

Hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, na ndilo wageni wasiloelezwa.

Mpaka miaka ya 1970 Wamasai waliishi ndani ya kreta. Eneo la Hifadhi ya Ngorongoro lilipoundwa mwaka 1959 na kutengwa na Serengeti, makubaliano yalikuwa watu, mifugo na wanyamapori waishi pamoja. Mwaka 1974 serikali ikawahamisha waliokuwa wakiishi chini kreta. Baada ya hapo ng'ombe waliruhusiwa kushuka kwa ajili ya maji na chumvi, lakini si kulala mle. Miaka ya karibuni hata ruhusa hiyo ikafutwa.

Waliotegemea kwamba ng'ombe wakitoka nyumbu watanenepa walikosea. Katika miaka ya 1960 nyumbu wa kreta walihesabiwa kati ya 13,000 na 15,000. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikuwa chini ya 10,000. Swala tomi nao walipungua, na pofu pia. Aliyeongezeka ni nyati. Zamani nyati walikuwa wachache chini kreta, wengi wakikaa msituni huko juu. Sasa wako kwa maelfu.

Jibu liko kwenye nyasi. Nyumbu ana mdomo mpana, anapenda majani mafupi na mabichi, kama vile mtu anayekata kwa mashine. Nyati anazungusha ulimi kwenye majani marefu na magumu, anayang'oa na kuyameza. Ng'ombe wa Wamasai walikuwa wakizifupisha nyasi, na wachungaji walizichoma moto kwa zamu ili zichipue upya. Ng'ombe walipotoka na moto ukazuiwa, nyasi zikarefuka. Meza ikawa imeandaliwa kwa ajili ya nyati.

Majani marefu yana mgeni mwingine: kupe. Ukame wa mwaka 2000 ulipowadhoofisha wanyama, mamia ya nyati walikufa, na nyumbu na pundamilia wakafuata. Faru kadhaa walikufa pia, na uchunguzi ukaonyesha maradhi yanayoenezwa na kupe. Kwa idadi ya faru waliokuwepo, hata mmoja alikuwa hasara ya kitaifa.

Mwaka 2001 hifadhi ikaanza tena kuchoma nyasi kwa mpango, sehemu baada ya sehemu. Kupe wakapungua. Kwa maneno mengine, wataalamu waliurudisha moto ambao wachungaji walikuwa wakiuwasha wenyewe bila kulipwa. Ng'ombe hawakurudi.

Mvua ziliporejea baada ya ukame ule, magugu nayo yakaota kwa wingi, likiwemo ua la manjano ambalo watalii hulipiga picha wakidhani ni pambo. Hakuna mnyama anayelipenda. Kuna maeneo ambayo hulazimu kufyekwa na kung'olewa kwa mikono ili nyasi zipate nafasi.

Faru kutoka Afrika Kusini, ambao kwa kweli ni wa nyumbani

Fausta alipokuwa mtoto, mtafiti John Goddard aliwatambua faru mmoja mmoja, kwa umbo la pembe na makovu. Alipata 108 katikati ya miaka ya 1960. Kisha yakaja majangili wa miaka ya 1970 na 1980. Pembe ya faru ilitafutwa Yemen kwa mishikio ya majambia na Asia ya mashariki kwa dawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 faru wa kreta hawakufika 20. Fausta alikuwa mmoja wao.

Mwaka 1997 waliletwa majike wawili kutoka hifadhi ya Addo, Afrika Kusini, ili kuongeza damu mpya. Hapa kuna kisa kizuri. Faru wa Addo walikuwa wa jamii ya Afrika Mashariki: wazee wao walichukuliwa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo wajukuu ndio waliorudi upande huu, baada ya miaka 35 hivi ugenini. Mkomazi nayo ilipokea faru wa Addo mwaka huohuo, na baadaye ikapata wengine kutoka bustani za wanyama za Jamhuri ya Czech na Uingereza. Tofauti ni kwamba wa Mkomazi wanaishi ndani ya uzio tangu siku ya kwanza.

Kuongeza ni upande mmoja. Kuna wakati hifadhi hupunguza. Msomaji anakumbuka sakata la Faru John, dume mbabe wa kreta aliyehamishiwa Grumeti mwishoni mwa 2015. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba alikuwa akiwazuia madume wengine na kuendelea kuzaa na watoto wake mwenyewe. Alikufa Grumeti mwaka 2016, na mwezi Desemba Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akataka maelezo, pembe zikaletwa mbele yake, tume ikaundwa. Mjadala ule wote ulihusu nyaraka na pembe. Suala lenyewe la faru wa familia moja kuzaana ndani ya shimo moja halikupata nafasi kubwa.

Kuna waliotoka bila mtu kuwahamisha. Mbwa mwitu walikuwa wakiwinda ndani ya kreta miaka ya 1960, na watafiti waliandika juu yao. Leo mgeni hawaoni. Fisi, ambao wakati huo walikadiriwa kuwa 385 waliokomaa, walishuka hadi 117 mwaka 1996, kisha wakapanda tena.

Na upande wa Karatu?

Watu huuliza mbona kreta haina twiga. Inaaminika ni kuta: kwa mnyama mwenye miguu ile, mteremko ule ni adhabu, na akishuka hatapata migunga ya kumtosha. Tembo wanashuka, lakini wengi wanaoonekana chini ni madume wazee wenye pembe ndefu. Majike na watoto hukaa msituni huko juu.

Msitu huo ndio unaopakana na Karatu. Mpaka wake unaonekana hata ukiwa barabarani: upande huu miti minene, upande ule ngano, mahindi na kahawa. Hakuna mita mia za katikati. Tembo wa Ngorongoro na wa Manyara walikuwa na njia zao kabla ya mashamba hayo, ikiwemo ile inayopita Kitete kuelekea Selela, na njia hizo zimezidi kubanwa. Zaidi ya hayo, tembo na nyati hupenda udongo wenye chumvi ulioko kwenye mapango ya Endoro, karibu kabisa na makazi ya watu.

Kwa hiyo wakati mtalii analipa dola kumwona tembo, mkulima wa Rhotia au Oldeani anakesha na tochi na debe la kupiga kelele. Shamba likiliwa, sheria inatambua kifuta jasho. Mtu akiuawa au kujeruhiwa, ni kifuta machozi. Majina yenyewe yanasema: ni kufuta, siyo kulipa hasara. Kiasi hupangwa kwa eka na kwa umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi.

Tangu 2022 serikali imekuwa ikiwahamishia kaya za Ngorongoro huko Msomera, wilayani Handeni, ikisema idadi ya watu na mifugo imezidi uwezo wa hifadhi. Mwaka 1959 wakazi walikuwa kama 8,000. Sasa wamepita 100,000. Wakazi wengi wanapinga, na hoja za haki za ardhi zimefika hadi mahakamani. Katika mabishano hayo husikika mara kwa mara kwamba ng'ombe wakiondoka, wanyama watarudi walivyokuwa.

Chini kreta ng'ombe waliondoka mwaka 1974. Fausta alikuwa na miaka 12, na faru wenzake walikuwa bado wengi kuliko watakavyokuwa tena katika uhai wake wote.