Kompyuta ikivuma, tusikimbilie kununua nyingine

Kompyuta ya mezani imekwisha kuwa miongoni mwa vyombo vya nyumba zetu. Humo watoto huandika kazi za shule, na wazazi hutunza hesabu za duka, vyeti na picha za familia. Basi inapoanza kuvuma mithili ya mashine ya kusaga, wengi wetu huizoea sauti hiyo, au hukata shauri kwamba chombo kimezeeka na hakifai tena. Mambo yote mawili yana hasara.

Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta, hutoa joto kila inapofanya kazi. Juu yake hukaa kipande cha metali, aghalabu aluminiamu, chenye mapezi mengi membamba yanayopokea joto hilo, na feni hulipeperusha. Hewa inayovutwa ndani huja na vumbi na nyuzi za zulia, na uchafu huo hujikusanya baina ya feni na mapezi. Hewa ikikosa njia, joto hupanda, na feni huongezewa mwendo. Huo ndio mvumo tunaousikia. Joto likikaribia nyuzi 90 hadi 100 za Selsiasi, ambazo ni kikomo cha prosesa nyingi, prosesa hupunguza kasi ili kujinusuru. Likizidi hapo, kompyuta hujizima ghafla, na kazi isiyohifadhiwa hupotea.

Tuliliona hili katika ofisi ya msikiti wetu. Kompyuta yenye orodha ya wanafunzi wa madrasa na hesabu za michango ilikuwa ikijizima kila mchana wa joto kali. Fundi mmoja alishauri inunuliwe mpya. Kabla ya kuzigusa fedha za waumini, tuliifungua, tukakuta juu ya mapezi tabaka la vumbi zito kama sufi. Ilisafishwa kwa brashi ya rangi kwa muda usiozidi saa moja, na tangu hapo haijajizima.

Ndugu msomaji, kwanza isikilize sauti. Mvumo mfululizo unaopanda na kushuka ni dalili ya feni na vumbi. Mkwaruzo huenda ukawa waya unaogusa feni, au feni iliyochakaa ambayo yenyewe hubadilishwa. Lakini ukisikia mgongo wa kutatarika kutoka kwenye diski inayohifadhi mafaili, usianze kusafisha. Nakili kwanza mafaili yako mahali pengine, kwani diski hiyo huenda ikafa wakati wowote.

Ikiwa ni vumbi, zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Ipeleke barazani, ilaze ubavu na ufungue skrubu za kifuniko cha upande. Gusa metali ya kasha kabla ya kugusa kitu kingine, ili umeme tuli wa mwilini usiunguze vipande vya ndani. Ishike feni kwa kidole isizunguke, kisha upanguse vumbi kwa brashi laini iliyo kavu na kulipuliza nje. Usitumie kitambaa chenye maji, wala upepo wa kujazia matairi, kwa kuwa una nguvu mno na aghalabu hubeba unyevu.

Vumbi likiwa limeganda, fungua feni peke yake na ukiache kipande cha mapezi mahali pake. Kikiondolewa, krimu ya kupitishia joto iliyo chini yake hufutwa na kupakwa mpya. Kazi hiyo mwachie anayeijua. Kisanduku cha umeme kisifunguliwe kabisa, kwani ndani yake hubaki umeme wa hatari hata baada ya waya kuchomolewa. Kisafishe kwa nje tu.

Kabla ya kufunga, hakikisha waya wa feni umerudishwa na hakuna waya unaogusa mapanga yake. Washa, uitazame feni ikizunguka, ndipo urudishe kifuniko.

Baada ya hapo, iweke kompyuta juu ya meza, si juu ya zulia, na nyuma yake iwe mbali kidogo na ukuta. Kwa nyumba iliyo kando ya barabara ya vumbi, ifungue na kuikagua kila baada ya miezi mitatu.