Koleo za kuzalishia: Je, mama na mtoto wako salama?

AKINA mama wengi huingiwa na hofu daktari anapotaja koleo wakiwa katika uchungu. Wengine huamini mtoto atatoka na kichwa kilichopondeka. Hofu hiyo ina msingi, lakini si ukweli wote.

Koleo zilibuniwa na familia ya Chamberlen huko Uingereza, nao wakaficha siri yao kwa zaidi ya miaka 100. Siku hizi wahudumu wengi hutumia kikombe kinachofyonza na kushika kichwa cha mtoto.

Vifaa hivi hutumiwa mama akiishiwa na nguvu za kusukuma au mapigo ya moyo ya mtoto yakilegea. Lakini ni lazima mlango wa kizazi uwe umefunguka kabisa, chupa imepasuka, kichwa kimeshuka na kibofu ni kitupu. Kikombe hakimfai mtoto ambaye hajafikisha wiki 34 tumboni.

Kila kifaa kina madhara yake. Koleo humchana mama zaidi, pengine hadi njia ya haja kubwa, na zaweza kuacha alama usoni mwa mtoto. Kikombe huleta uvimbe wa damu kichwani, ambao mara nyingi hupona wenyewe. Hatari kubwa huja mhudumu asiye na ujuzi anapovuta tena na tena. Kichwa kisiposogea, aache, upasuaji ufanywe.

Kwa mama wa Mikinduri, huko Tigania, jambo hili ni zito. Kusafirishwa hadi Meru mjini kwa upasuaji huchukua muda, na mtoto aliyekosa hewa hawezi kungoja. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu huduma hii miongoni mwa zile za dharura ambazo hata kituo kidogo chapaswa kuwa nazo.

Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka wa 2019 ulionyesha kuwa dozi moja ya antibiotiki baada ya uzazi huo ilipunguza maambukizi kutoka asilimia 19 hadi 11. Uliza kama mama ameipata.

Mrudishe mama hospitali haraka akiwa na homa, akivuja damu nyingi, au akishindwa kuzuia mkojo au choo. Mtoto naye apelekwe akikataa kunyonya, akipauka, akiwa na degedege, au uvimbe wa kichwa ukizidi kuenea.