Kisima cha Wakfu na Katuni za Port Reitz

Ukikaa barazani Port Reitz baada ya swala ya alasiri, masikio hayapati raha. Ndege zashuka uwanja wa Moi, malori ya makontena yanguruma kuelekea Kipevu, na chini yako mkono wa bahari umetulia, Dongo Kundu ng'ambo yake. Ni katika kelele hizo nilipomkuta kijana wa jirani yangu ameinamia kompyuta, akimchora mvuvi anayevuta nyavu.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba, mwanangu. Mvuvi wako mbona hasogei?"

"Atasogea, inshallah. Nimemchora mara arubaini na nane, na nyavu bado hazijafika chomboni."

Wenzangu wakacheka. Mmoja, fundi cherehani mstaafu, akasema katuni ni mchezo wa watoto, na kijana mzima angetafuta kibarua bandarini. Mimi nilinyamaza, kwani naijua historia yangu. Sisi tuliokulia miaka ya 1980 tulikesha mbele ya kaseti za video zilizoletwa na jamaa kutoka Ghuba. Humo tulimwona Grendizer, jitu la chuma la Wajapani lililotiwa sauti za Kiarabu huko Beirut. Wadogo zetu nao wakampenda Captain Majid, mcheza kandanda ambaye kwao Japani huitwa Captain Tsubasa. Wengi wetu tulidhani ni Mwarabu!

Basi mchezo huu una uzito gani? Filamu hupitisha picha 24 kila sekunde. Mwaka 1963 Osamu Tezuka alipoanza kuonyesha Astro Boy katika televisheni ya Japani, aliona hawezi kumudu gharama hiyo, akapunguza michoro na kurudia mingine. Mtindo huo wa anime umebaki. Mara nyingi michoro 8 hutosha sekunde moja. Kwa hesabu hiyo, michoro 48 ya kijana wetu ni sekunde 6 tu! Huko Japani kwenyewe biashara imenawiri, lakini wachoraji chipukizi wanaolipwa kwa kila mchoro wangali wakilalamika kwamba ujira hautoshi kodi ya nyumba.

Waarabu nao hawakuridhika kutia sauti tu. Mwaka 2021 kampuni ya Manga Productions ya Saudia, pamoja na Toei Animation ya Japani, ilitoa filamu iitwayo The Journey, juu ya jeshi la Abraha lililokwenda na tembo kuishambulia Makka. Kisa hicho kila mtoto wa chuoni hukijua kwa Suratul Fil. Sasa kimechorwa kwa mkono wa Kijapani kwa agizo la Mwarabu.

Nilimuuliza kijana: chombo chako umekinunua kwa kiasi gani? Akanijibu kwamba hakutoa hata senti. Programu yake ni OpenToonz. Asili yake ni Toonz ya Waitalia, na Studio Ghibli ya Japani iliitumia tangu filamu ya Princess Mononoke ya 1997, ikaitengeneza ifuate kazi yake. Machi 2016 kampuni ya Dwango ya Tokyo iliitoa bure kwa walimwengu, pamoja na maandishi yake ya ndani, ili mwenye ujuzi aifungue na kuirekebisha.

Iko na nyingine, Blender. Kampuni iliyoiuza ilifungwa mwaka 2002, na programu ilikuwa karibu kuzikwa nayo. Mwanzilishi wake Mholanzi, Ton Roosendaal, akachangisha Yuro 100,000 ili kuikomboa, na fedha zikatimia kwa majuma saba. Machi 2025 filamu ya Flow ya Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilipata tuzo ya Oscar.

Nikisikia hayo nakumbuka wakfu. Mtu huchimba kisima akakitoa kwa ajili ya Mungu. Hakiuzwi wala hakirithiwi, kila mpita njia hunywa. Lakini nilipokuwa mdogo palikuwa na kisima kama hicho mtaani kwetu. Kila mtu alichota, hakuna aliyefikiri juu ya kamba wala tope, kila mmoja akisema mwenziwe atakisafisha. Kisha maji yakaoza. Programu huru hufa vivyo hivyo. Watumiaji wake ni maelfu, na watunzaji wake huenda ni watu wawili waliochoka. Tofauti njema ni kwamba mlango wake haufungwi. Hata miaka kumi ikipita, fundi mwingine aweza kuingia na kuitoa tope.

Sisi Waswahili tuna kisima chetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini iliyozungumza Kiswahili. Tuliisifu, kisha wangapi tuliitumia? OpenOffice yenyewe iliangukia mikononi mwa kampuni ya Oracle mwaka 2010, na mwaka huo huo mafundi wengi wakajitenga na kuanzisha LibreOffice, iliyo hai mpaka leo. Wao walihama na chombo chao. Jambo OpenOffice sisi twaikumbuka kwa jina. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kijana amejipa kazi mbili: kummaliza mvuvi wake, na kuzifasiri amri za programu ile, maana alizisoma zote kwa Kiingereza. Alituomba maneno. Ule mchoro wa kwanza, hafifu, unaochorwa juu juu kabla ya ule safi, tuuiteje? Washairi tuliokuwapo tukaanza kushindana kwa maneno ya Kiarabu.

Yule fundi cherehani aliyecheka akainua kichwa. "Nguo kabla ya kushonwa hupigwa bandi," akasema. "Huo ni mchoro wa bandi."

Kijana akaliandika. Tangu siku hiyo mzee hupita kila alasiri kuuliza kama nyavu zimefika. Wazee wa Likoni, Kisauni na Changamwe, maneno ya kazi mnayo vifuani. Yatoeni wakfu mngali hai.