Wanaolipa ili watembee: Kahuzi yetu na mashimo ya Japani

Ndugu wachimbaji, na nyinyi mama munaosoma ukurasa huu mukingoja papa arudi kutoka shimoni: kuna watu duniani wanalipa pesa ili wachoke. Wanapanda ndege, wanajikusanya watu sita ao kumi, wanavaa bote na kutembea mlimani siku nzima. Mvua inawapiga, jioni magoti yanawauma, na wakifika kwao wanasema likizo ilikuwa nzuri. Mwenye kubeba gunia la kilo 50 kutoka shimo mpaka depo atacheka. Acheke, lakini asicheke sana, juu matembezi hayo ni mushahara wa watu wengine, na mumoja wa milima wanayoitafuta iko kwetu hapa Kivu ya Kusini.

Sisi wa Luberizi tukienda Bukavu kwa njia ya Kamanyola tunapanda Ngomo. Kila mutu anaijua ile njia: mawe upande huu, shimo refu upande ule, na dereva anaongea kwenye telefone. Tunafunga macho na kuomba Mungu. Mugeni akipita pale anaomba gari isimame, apige picha ya bonde la Ruzizi. Ile tunayoiogopa, yeye anaiita mandhari.

Kutoka Bukavu ukiendelea upande wa Kavumu na Miti, kilometa kama 30, unafika Tshivanga, mulango wa Parke ya Kahuzi-Biega. Mulima Kahuzi uko na metre 3,308 na Biega 2,790. Parke ilianzishwa mwaka 1970, na Mbelgiji Adrien Deschryver njo alikuwa mbele katika kazi ile. Mwaka 1975 iliongezwa mpaka ikafika kilometa mraba 6,000. UNESCO iliiandika kwenye urithi wa dunia mwaka 1980, na mwaka 1997 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Wakati kuko amani, kazi inaenda hivi. Asubuhi sana wapistea wanatangulia msituni. Wanaanza pale sokwe walilala jana, wanafuata majani yaliyovunjika na mavi ya usiku. Kikundi kidogo cha wageni kinafuata na kiongozi na walinzi. Wakiwakuta sokwe wanasimama mbali kidogo, hawapigi kelele, na saa moja ikiisha wanarudi. Wenye nguvu wanapanda Kahuzi yenyewe: msitu, kisha mianzi, kisha baridi na majani mafupi kule juu. Ni siku nzima, na kwa kile kilima wengine wanatumia mikono. Angalia sasa ni watu wangapi wanakula juu ya safari moja: mupistea, kiongozi, mulinzi, mubeba mizigo, mama wa Miti mwenye kuuza viazi kwa oteli, dereva, mwenye oteli mwenyewe.

Mutu wa inje mwenye kutembea msitu ule kwa muda mrefu ni Mjapani, Juichi Yamagiwa. Alianza kuchunguza sokwe wa Kahuzi mwaka 1978, akiwa kijana, na alirudi mara nyingi. Kisha alikuwa mukubwa wa Chuo Kikuu cha Kyoto, tangu 2014 mpaka 2020. Mwaka 1992 yeye na mwana-inchi wetu John Kahekwa, kiongozi wa wageni kwenye parke, walianzisha shirika lenye jina la Pole Pole. Linapanda miti na kutafutia kazi watu waliokuwa wanaishi na kuwinda. Kahekwa aliona jambo moja wazi: ukimwambia mutu asiingie msituni, na nyumbani hakuna kitu ndani ya sufuria, ataingia tu.

Hapo njo tunafika kwenye kidonda chetu sisi wachimbaji. Mwisho wa mwaka 2000 bei ya koltani ilipanda ghafula, juu viwanda vya telefone na mashine za michezo vilikuwa vinaitafuta. Watu kwa maelfu waliingia ndani ya parke. Walimu waliacha chaki. Kambi ya wachimbaji inahitaji nyama, na nyama ilitoka msituni: tembo, sokwe, yote ilikwenda kwenye chungu. Katika milima ya upande wa Tshivanga, hesabu ya sokwe wakati wa vita ilianguka karibu nusu. Mwaka 2001 bei ikaanguka, na waliobaki na deni kwa négociant ni sisi. Waliobaki na nyumba mupya ni wengine. Kila mara wageni wanaandika juu ya parke wanasema "wachimbaji waliua sokwe", na jina la mwenye kununua mzigo halipatikani kwenye ukurasa. Mimi siwatetei wenye kuua nyama. Ninauliza kwa nini orodha ya wenye makosa inaanzia chini na kuishia pale pale chini.

Na mbele ya sisi kuna Batwa. Wao walitolewa msituni ili parke iwe parke, bila kulipwa na bila kupewa mashamba. Kahuzi ilikuwa nyumba yao na dawa yao, na makaburi ya wakubwa wao yako mule. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu ilitangaza mwaka 2024 kwamba serikali yetu ilivunja haki zao. Ukipanda mulima ule kama mutalii, unatembea ndani ya nyumba ya mutu. Kiongozi mwema anapashwa kulisema lile.

Sasa, kwa nini ninawaletea habari ya Japani? Si juu ya Yamagiwa tu. Wajapani wanajua migodi yetu: miaka ya 1970 kampuni yao ilikuwa inachimba shaba kule Musoshi, Katanga. Na kwao wanafanya likizo ya kutembea kwa kikundi kwa namna ambayo sisi tunaweza kuichungulia.

Kuko kijiji kinaitwa Tsumago, kwenye njia ya zamani ya Nakasendo, watu walikuwa wanapita kwa miguu kati ya Kyoto na Edo, yaani Tokyo ya leo. Reli ilipokuja kupita kwingine kijiji kilikauka. Vijana walikwenda mjini, nyumba za mbao zikaanza kuinama. Mwaka 1971 wakaaji waliketi pamoja na kuandika mapatano yenye maneno matatu: hatuuzi, hatupangishi, hatuvunji. Mwanasendika akisikia vile anafurahi, juu ile ni convention collective kabisa, haikuletwa na waziri. Tajiri wa mjini hakuweza kununua nyumba moja moja mpaka kijiji kiishe. Leo wageni wanatembea kilometa 8 kutoka Magome mpaka Tsumago, wanapita msituni na kugonga kengele zilizofungwa njiani ili dubu wasikie na kuondoka. Mizigo inatangulia na gari. Usiku wanalala kwa watu, kwenye mikeka, wanakula samaki na wali, wanaoga maji ya moto. Pesa inabaki kijijini.

Lakini kilichonishika zaidi ni Iwami Ginzan. Ni mugodi wa feza, ulianza mwaka 1526, ulifungwa mwaka 1923. Wachimbaji walikuwa wanaingia kwa burini na nyundo, na taa ndogo ya mafuta iliyotiwa ndani ya gamba la konokono wa baharini. Kuko zaidi ya mashimo 600. Wanayaita mabu. Lile la Ryugenji liko wazi: wageni wanatembea kutoka kijiji cha Omori, wanainama, wanaingia, wanaona alama za burini kwenye ukuta. UNESCO iliuandika mwaka 2007. Sababu moja ilikuwa msitu: kuyeyusha feza kulihitaji kuni nyingi sana, lakini miti ilitunzwa, na mpaka leo milima ile ni ya kijani. Mutu aliyeona vilima vyetu karibu na carré minier, vyekundu kama kidonda, ataelewa kwa nini nilisoma sehemu hiyo mara mbili.

Musifikiri Wajapani wameyamaliza yote. Kwenye kisiwa cha Sado kuko mugodi wa zahabu ulioingia kwenye urithi wa dunia Julai 2024, na kule Hashima, kisiwa cha makaa ya mawe kilichofungwa 1974, wageni wanashuka na mashua kuangalia nyumba tupu. Wakati wa vita ya pili ya dunia Wakorea walipelekwa kule kwa nguvu. Sado peke yake walikuwa kama 1,500. Serikali ya Korea ya Kusini inalalamika mpaka leo kwamba habari yao haisemwi sawasawa. Ubishi huo ni juu ya sentensi chache kwenye kibao cha makumbusho. Ni sentensi chache, lakini mutu aliyebeba mawe na kufa bila jina, ile kibao ndio kaburi lake.

Turudi Kamituga. Pale wazungu wa MGL walichimba zahabu tangu wakati wa ukoloni, kisha SOMINKI ikachukua mwaka 1976, kisha nayo ikaenda. Nyumba za kampuni ziko, galeri ziko, na wazee waliofanya kazi ndani yake wanapungua kila mwaka. Wako mama twangaises wenye kusaga mawe kwa chuma, mutoto mgongoni. Septemba 2020 mvua ilijaza mashimo na watu karibu 50 walifia ndani. Je, kuko kibao? Kuko jiwe lenye majina? Mugeni akifika kesho na bote zake akiuliza "hapa kulitokea nini", nani atamujibu, na atalipwa ngapi?

Sisemi kila kreuzeri awe kiongozi wa watalii. Vita bado iko, barabara ni mbaya, na mutalii anakimbia mlio wa kwanza wa risasi. Tena kazi ya parke haiwezi kulisha watu wote wanaolishwa na shimo. Mwenye kuwaambia vile anawadanganya. Lakini yako mambo ambayo hayangoji amani. Parke ikiandika watu wa kazi, Batwa na watoto wa wachimbaji wa Kabare na Kalehe wawe mbele, kwa mkataba, si kwa siku. Mtu akifungua njia ya kutembea karibu na mugodi, coopérative ya pale iwe na fungu lake lililoandikwa. Na majina.

Juu ya majina tumeanza. Katika mikutano ya wachimbaji tunafungua kaye moja kwa kila kambi: jina la shimo, mwaka lilifunguliwa, PDG wake wa kwanza, walioanguka ndani na siku yenyewe. Mama, ukiwa na picha ya marehemu akiwa na taa kwenye kichwa, tutaikopi na kukurudishia siku ile ile. Wazee waliofanya kazi wakati wa SOMINKI waje mbele ya wengine, hata kama ni kwa kusema tu na kijana aandike.