Mita tisa kwa siku: safari ya miaka 14 katika ardhi ya Mirihi

Tarehe 24 Machi 2015, gari dogo lisilo na dereva lilikamilisha mwendo wa kilometa 42 na mita 195 juu ya ardhi ya sayari ya Mirihi. Huo ndio urefu wa mbio za marathoni, ambazo wanariadha hodari huzimaliza kwa saa mbili na dakika chache. Gari hilo, liitwalo Opportunity, lilitumia miaka 11 na miezi miwili. Hadi siku hiyo hapakuwa na chombo kingine chochote cha mwanadamu kilichokuwa kimetembea umbali huo nje ya Dunia yetu. Namna lilivyofika huko ni habari ya kuwasimulia watoto, na ndani yake mna jambo linalotuhusu sisi wazazi.

Sisi tunaoishi Igogwe, chini ya Mlima Rungwe, anga hatulioni kila usiku. Mvua na ukungu wa wilaya hii hutufunika sehemu kubwa ya mwaka. Lakini kipupwe kinapoingia na mawingu yakatawanyika, kuna miaka ambayo huonekana nukta yenye wekundu, tulivu, isiyometameta kama nyota. Hiyo ndiyo Mirihi. Watoto wetu huiona na kuuliza, na mara nyingi huambiwa kwamba hayo ni mambo ya wenzetu wenye fedha. Hilo si jibu la kumpa mtoto.

Magari yalikuwa mawili, mfano wa mapacha: Spirit na Opportunity. Majina hayo yalitokana na shindano la insha, na aliyeshinda alikuwa binti wa miaka 9, mzaliwa wa Siberia, aliyewahi kuishi katika kituo cha yatima kabla ya kupokelewa na familia moja ya Marekani. Spirit lilitua tarehe 4 Januari 2004. Opportunity lilitua upande wa pili wa sayari tarehe 25 ya mwezi huohuo. Kila moja lilikuwa na magurudumu sita, uzito wa kilo 185 hivi, na mgongoni mabamba ya kuvuna nguvu ya jua. Wahandisi wa maabara ya JPL ya shirika la NASA, huko California, walitaraji kila gari lidumu siku 90 na kutembea kilometa moja hivi. Kasi yake ya juu kabisa ilikuwa sentimeta 5 kwa sekunde; mtoto anayetambaa angelipita.

Swali la kwanza la watoto huwa hili: nani alikuwa akiliendesha? Jibu ni kwamba haikuwezekana kuliendesha kama tuendeshavyo magari yetu. Ujumbe wa redio huchukua kati ya dakika 3 na 22 kufika Mirihi, kutegemea sayari hizi mbili zimekaribiana au zimeachana. Fikirini dereva wa basi anayeshuka kona za barabara ya Tukuyu, lakini kila anachokiona kiliishatokea dakika kumi zilizopita, na usukani wake unamtii dakika kumi baadaye. Angetumbukia bondeni kwenye kona ya kwanza. Kwa hiyo gari lilipiga picha na kuzituma. Watu wakakaa kuzichunguza jiwe kwa jiwe, wakaandika maagizo ya siku nzima, kisha wakayatuma pamoja. Gari likatembea mita kadhaa, likasimama, likapiga picha nyingine.

Siku ya Mirihi nayo ni ndefu kuliko yetu kwa dakika zipatazo 40. Katika miezi ya mwanzo wahandisi walifuata saa za Mirihi, hivi kwamba kila siku kazi ilianza dakika 40 baadaye kuliko jana yake. Leo asubuhi, baada ya wiki kadhaa usiku wa manane. Sisi tuliozoea kuiona Ramadhani ikitangulia siku 10 au 11 kila mwaka tunaelewa maana ya kupanga maisha kwa kalenda isiyolingana na ile ya ukutani.

Njia haikuwa laini. Aprili 2005 Opportunity lilikwama. Magurudumu yalizama katika tuta la mchanga laini kama unga, na kadiri yalivyozunguka ndivyo yalivyozidi kuzama. Nani kati yetu hajaona lori la viazi likikwama hivyo katika tope la masika? Lakini sisi huita vijana wakasukuma, wakaweka mawe na matawi. Huko hapakuwa na kijana wala tawi. Wahandisi walitengeneza tope lao la majaribio ndani ya maabara, wakaingiza humo gari linalofanana na lile, wakajifunza namna ya kulitoa. Kisha wakaliamuru lile la Mirihi lizungushe magurudumu kidogo kidogo, na kila mara wapime limesogea kiasi gani. Lilitoka tarehe 4 Juni, baada ya wiki tano na ushei.

Mwaka huohuo kifaa cha kukatia kona cha gurudumu la mbele kulia kiliharibika, gurudumu likabaki limepinda ndani kidogo hadi mwisho wa safari. Baadaye gurudumu hilo lilipoanza kutumia umeme mwingi kupita kiasi, wahandisi waliliendesha gari kinyumenyume, kilometa kwa kilometa. Tunaposoma hayo tunamkumbuka mwanariadha wetu John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Mexico mwaka 1968. Alifika wa mwisho, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, lakini alifika.

Kwa upande wa Spirit ulemavu ulizaa neema. Gurudumu lake la mbele kulia liliacha kuzunguka mwaka 2006, likawa linakokotwa na kuchimba mfereji. Mwaka 2007 mfereji huo ulifichua udongo mweupe uliojaa silika, aina ya udongo unaoachwa na maji ya moto au mvuke wa volkano. Kwetu Rungwe, nchi ya volkano na ya chemchemi za maji moto, hilo si jambo geni. Lakini kwa Mirihi, ambayo leo ni jangwa la baridi kali, ilikuwa dalili kwamba zamani maji na moto wa ardhini vilikutana. Gurudumu zima lingepita juu ya udongo ule bila kuufukua.

Jambo jingine lililo karibu nasi ni kimondo. Wengi wetu tumekiona, au tumesikia habari za kile cha Mbozi: bonge la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10, lililoanguka kutoka angani. Januari 2005 Opportunity lilikuta jiwe lenye ukubwa wa mpira wa kikapu, liking'aa peke yake katika uwanda. Vipimo vilionyesha kuwa ni chuma na nikeli, kama cha Mbozi. Kilikuwa kimondo cha kwanza kutambuliwa juu ya sayari nyingine.

Uamuzi mzito zaidi ulifanywa mwaka 2008. Gari lilikuwa limekwisha kuishi miaka minne na nusu badala ya miezi mitatu. Mbali, upande wa kusini-mashariki, kulikuwa na kreta ya Endeavour yenye upana wa kilometa 22, shimo lililochimbwa na kimondo, si la volkano kama Ngosi yetu. Kuifikia kulihitaji mwendo mrefu kuliko wote uliokwisha kwendwa, na hapakuwa na ahadi kwamba gari lingefika likiwa hai. Walianza safari. Walifika Agosti 2011. Ukingoni mwa kreta hiyo walikuta mishipa ya jasi na dalili za udongo wa mfinyanzi, ushahidi kwamba maji yaliwahi kupita humo, tena si makali kama yale yaliyoacha alama zake kule gari lilikotua.

Mwisho ulikuja mwaka 2018. Dhoruba ya vumbi iliizunguka sayari nzima, jua likafifia, mabamba yakakosa mwanga. Mawasiliano ya mwisho yalipokewa tarehe 10 Juni. Huenda mmewahi kusikia kwamba gari liliaga kwa kusema betri yake inaisha na giza linaingia. Ukweli ni kwamba lilituma takwimu tu; maneno hayo ni ya mwandishi wa habari aliyefupisha maelezo ya wanasayansi. Kwa miezi minane walituma maagizo zaidi ya elfu moja, wakisubiri jibu. Tarehe 13 Februari 2019 wakatangaza kuwa kazi imekwisha.

Hesabu yote ni kilometa 45.16. Safari ya Tukuyu hadi Mbeya mjini ni ndefu kuliko hiyo, na basi huimaliza kabla hatujachoka. Lakini igawanyeni kilometa hizo kwa siku 5,111 za Mirihi ambazo gari liliishi: ni mita zisizofika 9 kwa siku. Kuna siku lilikwenda mita 220, na kuna majira mazima ya baridi lilipoegeshwa mtelemkoni likiota jua.

Hapo ndipo tunapowakumbusha wazazi wenzetu. Matokeo ya mitihani yanapotoka, majumbani mwetu mtoto mzito wa kushika masomo hulinganishwa na ndugu yake mwepesi, na wakati mwingine huhesabiwa kuwa ameshindwa kabla hajafika nusu ya njia. Wahandisi wale hawakulilaumu gari kwa gurudumu lililopinda. Walilichunguza, wakajua linaweza nini, wakaligeuza kinyumenyume na kulipa kila asubuhi kazi ya siku moja. Mtoto naye anahitaji mtu wa kukaa naye jioni, aone alipokwama, ampe hatua ya kesho.

Wala elimu hii si ya wengine. Umoja wa Falme za Kiarabu ulipeleka chombo chake, al-Amal, kikaanza kuizunguka Mirihi tarehe 9 Februari 2021. Kiongozi wa wanasayansi wake alikuwa mwanamke, Sarah Al Amiri. Na nyuma zaidi, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi, kilirushwa chombo cha kuchunguza anga kilichopewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Wiki hii, mvua ikipumzika, tokeni uani na watoto mpime mita tisa. Ni hatua kumi na mbili hivi za mtu mzima, pengine kutoka mlangoni hadi kwenye migomba. Waambieni kwamba mwendo wa siku moja ulikuwa huo tu, kisha waulizeni wao wanataka kufika wapi.