Injini Yenye Tabo Yataka Mkono wa Taratibu

Wakaaji wa Kibera na Kawangware wamezoea mlio wa ndege ndogo za Kiwanja cha Wilson, kiitwacho kwa jina la Bibi Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha shirika la Wilson Airways mwaka 1929. Kiwanja hicho ki juu ya bahari kwa futi zipatazo 5,500, na hewa yake ni nyepesi. Injini ya kawaida hupoteza hapo karibu sehemu moja katika sita ya nguvu zake.

Ndipo tabo inapofaa. Moshi utokao katika injini huzungusha gurudumu dogo, nalo huzungusha jingine lishindilialo hewa ndani ya injini, ikapata nguvu kana kwamba i pwani.

Lakini chombo hiki kina masharti. Mwanafunzi hufundishwa kwanza kungoja mafuta ya kulainisha yapate moto. Kisha husukuma mkono wa nguvu polepole, akitazama kipimo cha msukumo wa hewa, usije ukapita mstari mwekundu. Kwani tabo huchelewa kuitika, kisha huja kwa ghafula. Akifanya pupa, aweza kuiharibu injini hali nyumba za watu zi chini yake. Ashukapo hupunguza nguvu kidogo kidogo, injini isipoe mara moja. Akiisha kutua, huiacha ingurume taratibu dakika chache kabla ya kuizima, mafuta yasiungue ndani ya tabo.

Mkulima mwenye trekta lenye tabo naye yampasa kufanya vivyo hivyo jioni atokapo shambani.